Msimu wa 2024 wa KLPGA: Yoon Ina katoka kifungoni, kabeba tuzo zote tatu kubwa. Ni haki au ni biashara?

Mzee wa Grini (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Humu jukwaani ni Simba na Yanga asubuhi hadi usiku, na sina ugomvi na hilo. Ila tupo wachache tunaofuatilia gofu ya akina dada wa Korea Kusini, na msimu wao wa 2024 umeisha tangu Novemba bila mtu kuufungulia uzi. Naufungua mimi. Ni mrefu, kwa hiyo asiye na subira ashuke moja kwa moja kwenye maoni akabishane huko.

Kwa wageni: KLPGA ndiyo chama na ligi ya wanawake wanaocheza gofu ya kulipwa Korea. Walianza mwaka 1978 na wachezaji wanne tu, mmoja wao Ku Ok-hee, ambaye miaka 10 baadaye akawa Mkorea wa kwanza kushinda shindano la LPGA, ligi ya wanawake ya Marekani. Mwaka 2024 ligi ilifunguliwa Machi ugenini, Singapore na Thailand, maana kwao bado kulikuwa na baridi. Aprili wakarudi nyumbani wakianzia kisiwa cha Jeju, na kuanzia hapo karibu kila wiki kulikuwa na shindano hadi Novemba. Mashindano ni takriban 30 na zawadi zake zote pamoja zimevuka woni bilioni 30. Bingwa wa shindano la kawaida anachukua asilimia 18 ya kapu, yaani zawadi zote za shindano hilo. Kapu likiwa bilioni 1, anaondoka na milioni 180. Woni moja ni kama shilingi mbili kasoro za Kitanzania, kwa hiyo pigeni hesabu wenyewe mkiwa mmekaa chini.

Na kule wadhamini wanawakimbilia akina dada kuliko wanaume wao. Angalia majina ya mashindano: Samdasoo ni maji ya chupa ya Jeju, Kyochon ni kuku wa kukaanga, McCol ni soda ya shayiri, Celltrion ni kampuni ya dawa, S-OIL ni mafuta, KB na Hana ni mabenki. Kila anayeuza kitu Korea anataka jina lake likae kwenye kofia ya dada fulani siku ya Jumapili mchana.

Sasa tuingie kwenye mada. Aliyeibuka kinara wa fedha 2024 ni Yoon Ina, woni bilioni 1.21. Aliyechukua Daesang, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, ni Yoon Ina. Aliyekuwa na wastani mdogo kuliko wote wa mikwaju kwa raundi, 70.05 (kwenye gofu mikwaju michache ndiyo ubora), ni Yoon Ina. Tuzo tatu kubwa, mtu mmoja. Na mtu huyo huyo hadi Machi 2024 alikuwa amefungiwa kwa kosa ambalo kwenye gofu ni sawa na kufumaniwa.

Naendelea kwenye posti inayofuata, msinikatishe.

Kapuku Mwenza

Nimekaa paleee na karanga zangu. Ila uzi bila picha mkuu, utatuua.

Mkwaju Mrefu

Endelea mkuu. Hilo la kufumaniwa limenifanya niache kazi.

Mzee wa Grini

Haya. Rudi nyuma hadi Juni 16, 2022. Yoon ana miaka 19, ndio msimu wake wa kwanza kwenye ligi kuu, na watu wameshamshika mdomoni kwa sababu anapiga mbali kuliko karibu wote. Ni raundi ya kwanza ya Korea Women's Open, shimo la 15. Mkwaju wa kuanzia ukamchomoka kulia ukaingia kwenye majani marefu. Watu wakatafuta, mpira ukaonekana, akaupiga hadi kwenye grini, yaani yale majani mafupi yanayozunguka shimo.

Hapa asiyecheza gofu aelewe kitu kimoja. Kila mchezaji anachora alama yake kwenye mpira kwa kalamu ya wino, nukta au mstari, kwa sababu watu kumi wanaweza kuwa na mpira wa kampuni moja na namba moja. Alipofika kwenye grini akaona alama si yake. Amepiga mpira wa mtu mwingine uliopotea huko nyasini.

Kanuni ya 6.3 haina kona wala uchochoro. Ukipiga mpira usio wako unaongezewa mikwaju miwili na unarudi kusahihisha. Usiposahihisha kabla ya kuanza shimo linalofuata, umeondolewa kwenye shindano. Basi. Mikwaju miwili, unaumia kidogo, maisha yanaendelea. Yeye akamalizia shimo na mpira uleule, akaenda shimo la 16 kama hakuna kilichotokea.

Shindano lenyewe hata hakuvuka mchujo. Yaani alificha kosa ambalo halikumpa chochote.

Akakaa kimya karibu mwezi mzima, akiendelea kucheza. Julai 15 akajiripoti mwenyewe kwa chama cha gofu cha Korea, KGA. Na siku mbili baada ya kupeleka ripoti, Julai 17, akashinda shindano lake la kwanza la KLPGA, Evercollagen Queens Crown, nchi nzima ikampigia makofi bila kujua kilichoko mezani. Habari ikatoka hadharani Julai 25. Agosti, KGA wakamfungia miaka 3. Septemba, KLPGA nao wakamfungia miaka 3.

Sheria Msumeno

Na ingebaki hiyo miaka 3 tusingekuwa na uzi huu. Mzee wa Grini, waambie na ilivyokatwa.

Mzee wa Grini

Nilikuwa nakuja huko, Msumeno. Septemba 2023 KGA wakaipunguza hadi mwaka mmoja na nusu. Januari 2024 KLPGA wakafuata, nao mwaka mmoja na nusu. Sababu zilizotolewa: amejutia, amefanya kazi za kujitolea, amechangia gofu ya vijana, na kulikuwa na maombi ya maelfu ya mashabiki na wadhamini. Kifungo kikaisha Machi 2024, ligi ndiyo kwanza inataka kurudi nyumbani. Unaweza kusema bahati, unaweza kusema kalenda ilipangwa na watu wanaojua kuuza tiketi. Mimi naamini la pili lilikuwa na uzito wake, na sijaona aibu kulisema.

Sheria Msumeno

Sasa hapo ndipo mimi na wewe tunapoachana au kukutana, sijui. Gofu haina refa anayekimbia nyuma yako na filimbi. Kadi yako ya kuandikia mikwaju unaisaini mwenyewe. Ukisaini namba ya uongo, wote mlioshindana nao umewaibia, hata kama ulitolewa kwenye mchujo. Mtu asiyeweza kukubali mikwaju miwili mbele ya watu leo, kesho kuna milioni 180 mezani atafanya nini? Miaka 3 ilikuwa sawa. Wangemwacha aitumikie yote.

Binti wa Kilifi

Habari ndugu zangu. Mimi mnisamehe naingia kutoka upande wa pili wa mpaka. Gofu ya akina mama naijua kupitia Vipingo hapa kwetu, Magical Kenya Ladies Open, ile ya ligi ya Ulaya. Februari 2024 alishinda yule dada wa Singapore, Shannon Tan. Sasa nauliza: huyu Yoon baada ya kurudi, wenzake walimpokeaje? Maana mashabiki ni rahisi kusamehe, lakini wewe uliyeshindana naye siku ile unamwangaliaje usoni mkiwa kwenye kundi moja?

Mzee wa Grini

Dada karibu sana, na swali lako ndilo la wakubwa.

Shindano lake la kwanza lilikuwa Aprili, Doosan E&C We've Championship, Jeju. Alipoitwa kwenye shimo la kwanza aliinamia watazamaji hadi mgongo ukalala kama meza, kabla hajagusa fimbo. Wapo waliopiga makofi, wapo waliokunja mikono. Wenzake nao hawakuwa na kauli moja. Wapo waliosema wazi kwamba kumrudisha mapema ni kuwadharau wanaofuata kanuni. Akamaliza wa 34 kwa kufungana na wengine, na wiki hiyo ubingwa ukaenda kwa Hwang You-min, kadada kembamba kanakopiga mpira kama kamekula mlenda na chuma.

Baada ya hapo Yoon akaanza kuukaribia ushindi bila kuugusa. Juni, BC Card Hankyung Ladies Cup kule Pocheon, watatu wakafungana: yeye, Park Ji-young na Park Hyun-kyung. Wakaenda mashimo manne ya nyongeza ili apatikane bingwa mmoja. Manne! Kila raundi ya nyongeza wanarudishwa shimo la 18 lilelile, jua linaelekea kuzama, mashabiki wamejipanga pande zote mbili kama kwenye msafara wa kiongozi. Mwisho akachukua Park Hyun-kyung, ambaye siku hiyo aliyembebea mfuko ni baba yake mzazi, naye alikuwa mchezaji wa kulipwa zamani. Wiki iliyofuata Park Hyun-kyung akashinda tena, McCol-Mona Yongpyong Open, tena kwa mashimo ya nyongeza. Wiki moja baadaye Yoon akaingia tena kwenye nyongeza, Lotte Open, akapigwa tena, safari hii na Lee Ga-young.

Agosti 4 ndipo mlango ulipofunguka. Jeju Samdasoo Masters, uwanja wa Blackstone, mikwaju 14 chini ya pa (idadi ya mikwaju iliyopangiwa uwanja), mbele kwa mikwaju miwili. Ushindi wake wa pili kwenye ligi kuu, zaidi ya miaka miwili baada ya ule uliopatikana na siri mfukoni.

Na huo ndio ushindi wake pekee wa msimu mzima. Mmoja tu.

Mkwaju Mrefu

Subiri kwanza mkuu. Mmoja? Na ndiye kinara wa fedha na ndiye mchezaji bora? Huko Korea wanahesabu kwa vidole vya miguu?

Takwimu Hazidanganyi

Mkwaju Mrefu, swali lako zuri, na mwaka huu lina uzito zaidi kwa sababu wapo WATANO walioshinda mara tatu tatu: Lee Ye-won, Park Hyun-kyung, Park Ji-young, Bae So-hyun na Ma Da-som. Hata mmoja hakufika mara nne. Kwa hiyo ushindi uligawanyika, hakuna aliyetoroka na kundi.

Ukiwatazama mmoja mmoja utaona kilichotokea. Lee Ye-won, ambaye ndiye aliyebeba fedha na Daesang mwaka 2023, alishinda Phuket, Thailand, mwezi Machi, akashinda Mei, akashinda siku ya pili ya Juni. Wote tukasema mchezo umekwisha. Kuanzia hapo hadi Novemba, patupu. Ma Da-som yeye ni kinyume chake: alikuwa kimya hadi mwisho wa Septemba, akazoa Hana Financial Group Championship, halafu Novemba akabeba mawili ya mwisho mfululizo, S-OIL kule Jeju na lile la kufungia msimu. Park Ji-young katikati ya msimu alipasuliwa kidole tumbo, akapoteza wiki kadhaa, akarudi na kushinda Hanwha Classic.

Yoon hakuwa na pengo la namna hiyo. Kila wiki jina lake liko juu. Nafasi ya pili mara 4, kumi bora mara 14. Wa pili anapata zaidi ya nusu ya kile anachopata bingwa, na pointi za Daesang zinagawiwa kwa walioingia kumi bora, si kwa bingwa peke yake. Jumlisha mwenyewe.

Kapuku Mwenza

Kumbe ni yule mwanafunzi asiyekuwa wa kwanza hata siku moja lakini mwisho wa mwaka ndiye anapewa daftari na ndoo 😂

Takwimu Hazidanganyi

Ndiye huyo.

Mzee wa Grini

Takwimu amenisaidia, ahsante sana. Mimi naongezea kwamba wastani wa mikwaju ndiyo tuzo ninayoiheshimu kuliko hizo nyingine mbili. Fedha zinategemea umecheza vizuri wiki gani, maana kapu la Hana ni bilioni 1.5 na kuna makapu chini ya hapo sana. Pointi zina mizani yake. Lakini 70.05 ni kila raundi, ya upepo wa Jeju, ya joto la Agosti, ya vilima vya Gangwon ambako unasimama mguu mmoja juu mwingine chini. Huwezi kuiotea.

Kwa hiyo jibu langu kwa kichwa cha uzi: tuzo ni haki yake. Kufupishiwa adhabu ndiko kuna harufu ya biashara. Hayo ni mambo mawili na watu wanayapika chungu kimoja. Waliokata kifungo ni chama. Aliyecheza ni yeye. Ukiwa na hasira na chama, usiende kumvua dada wa watu wastani wake.

Sheria Msumeno

Mzee, unatenganisha visivyotenganika. Bila kukatiwa kifungo asingecheza 2024. Bila kucheza 2024 hakuna wastani. Tuzo zote tatu zimekaa juu ya ule uamuzi wa Januari. Park Hyun-kyung amemaliza nyuma yake, hajawahi kupiga mpira wa mtu akanyamaza, na angekuwa na Daesang yake kabatini. Mweleze yeye habari ya vyungu viwili.

Mzee wa Grini

Hapo umenibana kidogo, sikatai kwamba Park Hyun-kyung ana haki ya kununa. Lakini mimi siwezi kumhukumu mchezaji kwa kucheza siku aliyoruhusiwa kucheza. Tungeanza hivyo, hata ligi yetu hapa nyumbani nani angebaki?

Sheria Msumeno

Usituletee ligi yetu, tutafungiwa uzi.

Binti wa Kilifi

Mimi nawaona nyote mna hoja, ila kuna kitu hamjakigusa. Alijiripoti mwenyewe. Hakuna aliyemshika na kamera. Angekaa kimya milele nani angejua? Alichelewa, ndiyo, na mwezi ni mrefu. Lakini ukimpa aliyejisalimisha adhabu ileile ambayo ungempa aliyekamatwa, mwingine ajaye atajisalimisha kwa faida gani?

Sheria Msumeno

Dada Binti, mwezi mzima huku anakula zawadi za mashindano mengine? Kujisalimisha kuna muda wake. Lakini hoja yako nimeipokea, ina mfupa.

Mkwaju Mrefu

Tutoke kwa Yoon kidogo jamani. Nasikia kuna mmoja kashinda shindano lilelile miaka minne mfululizo, ni kweli au ni stori za vijiweni?

Mzee wa Grini

Kweli kabisa! Park Min-ji. Celltrion Queens Masters: 2021, 2022, 2023, 2024. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwenye historia ya KLPGA, hata Shin Ji-yai aliyekuwa anafyeka kila kitu miaka ya 2007 na 2008. Huyu Park ndiye aliyeshinda mara 6 mwaka 2021 na mara 6 tena 2022, akaweka rekodi ya fedha za msimu mmoja, woni bilioni 1.52, ambayo hata Yoon mwaka huu hajaikaribia.

Ila mjue alikotoka. Mwaka 2023 alipata maradhi ya mshipa wa fahamu wa usoni. Wanaoyajua wanasema upepo tu ukipita shavuni unaona kama umepigwa shoti ya umeme. Sasa mchezo wenyewe unachezwa nje, kwa muda wa saa tano au sita nzima, kwenye upepo. Akapumzika, akatibiwa, akarudi. Juni 2024 akashinda ile ya nne kule Yangyang, zawadi woni milioni 216, na akatangaza anaitoa yote sadaka, hospitali ikiwa miongoni mwa waliopewa. Mama yake ni mchezaji wa mpira wa mikono aliyepata medali ya fedha Olimpiki ya Los Angeles 1984, kwa hiyo ugumu huo hakuuokota njiani.

Ushindi wa 19. Juu yake wapo Ku Ok-hee na Shin Ji-yai tu.

Mama Pambano

Nimesoma kimyakimya tangu mwanzo, sasa nimeguswa. Huyo ndiye angefunguliwa uzi, si mpiga mpira wa watu. Mungu ambariki na mkono wake.

Mzee wa Grini

Shikamoo mama. Uzi ni mmoja lakini vyumba vingi, kila mtu atapata chake.

Nami wangu si Yoon wala Park Min-ji. Wangu ni Bae So-hyun. Kapita miaka 30, na kwenye ligi ile miaka 30 ni bibi. Wenzake wanaingia wakiwa na 19, wakifika 27 wanaanza kuzungumzia mgongo na kustaafu. Huyu alicheza zaidi ya mashindano 150 bila kushinda hata moja. Hebu fikirieni: kila wiki unapanga begi, unalipa mbeba mfuko, unalipa hoteli, unaona watoto uliowazidi miaka 10 wakinyanyua kombe na kumwagiwa maji, halafu Jumatatu unapanga begi tena.

Mei 26, E1 Charity Open, akashinda. Tukasema haya, Mungu kamkumbuka, sasa atatulia. Agosti akashinda tena, The Heaven Masters, kwa mashimo ya nyongeza. Wiki mbili baadaye, Septemba 1, KG Ladies Open, nyongeza tena, akashinda tena. Yaani kakaa jangwani miaka yote hiyo, halafu kwa miezi minne kashinda sawa na waliokuwa wanaitwa malkia.

Sijui nini kilibadilika na wala sitaki kuwadanganya kwa maneno ya makocha. Nilichokiona mimi kwenye video ni kwamba alikuwa haharakishi. Wengine wakiingia kwenye nyongeza unaona mabega yanapanda. Yeye anatembea kama anakwenda dukani kununua chumvi.

Kapuku Mwenza

Bae So-hyun nimempenda bila kumwona. PICHA MKUU.

Mkwaju Mrefu

Na wale makinda wa mwaka huu? Na mbona kuna wengine wana namba mwishoni mwa jina kama gari la abiria?

Takwimu Hazidanganyi

Namba ni kwa sababu ya majina kufanana. Ukijiandikisha KLPGA ukakuta jina lako tayari lina mwenyewe, unapewa namba. Lee Jeong-eun aliyebeba karibu kila tuzo mwaka 2017 ni wa sita, kwa hiyo rasmi ni Lee Jeong-eun6, na aliposhinda US Women's Open 2019 alikwenda Marekani na 6 yake vilevile.

Mchezaji bora chipukizi wa 2024 ni Yoo Hyun-jo. Septemba alishinda KB Financial Star Championship, moja ya mashindano matano makubwa ya ligi kwa mwaka 2024, na hakuna chipukizi aliyewahi kulishinda kabla yake. Makubwa mengine: KLPGA Championship alichukua Lee Jeong-min kwa mikwaju 23 chini ya pa, Korea Women's Open alichukua Noh Seung-hui akiongoza tangu siku ya kwanza, Hanwha tumeshasema, Hite Jinro ni Kim Su-ji. Watano tofauti.

Binti wa Kilifi

Sasa kama ligi ina vipaji hivi, mbona Olimpiki ya Paris hawakupata kitu? Dhahabu Lydia Ko wa New Zealand, fedha Esther Henseleit wa Ujerumani, ambaye sisi tunamjua vizuri kwa sababu alishinda Vipingo 2019 na 2022, shaba Lin Xiyu wa China. Korea patupu.

Mzee wa Grini

Umenifurahisha na huyo Henseleit, wengi hawajui kwamba aliyekaa jukwaani Paris alianzia Kilifi.

Sababu ni hii. Wanaokwenda Olimpiki wanatokana na orodha ya viwango vya dunia, na pointi nyingi za orodha hiyo ziko LPGA Marekani. Kwa hiyo Korea ilipeleka Ko Jin-young, Amy Yang na Kim Hyo-joo, Wakorea wanaocheza Marekani. Hawa tunaowajadili walikuwa nyumbani, na Samdasoo ya Yoon iliisha siku tatu tu kabla ya wanawake kuanza kule Paris. Tangu Pak Se-ri avue viatu na soksi na kuingia bwawani kupiga mpira kwenye US Women's Open 1998, Korea imekuwa ikiwapeleka Marekani vinara wake kila wanapoiva. Park Sung-hyun alishinda mara 7 mwaka 2016, 2017 akaondoka. Lee Jeong-eun6 akaondoka. Choi Hye-jin akaondoka. KLPGA ni shamba linalovunwa na jirani kila msimu, na bado kila Machi linachipua.

Sheria Msumeno

Na Yoon naye kashaondoka, au siyo? Kabeba tuzo, kawaaga.

Mzee wa Grini

Ndiyo. Desemba 2024 kamaliza wa 8 kwenye mtihani wa kuingia LPGA, Q-Series kule Alabama, na 25 wa mwanzo ndio waliopewa kadi ya kucheza ligi hiyo. 2025 yuko Marekani.

Sheria Msumeno

Basi kadi zake zitasainiwa kwa Kiingereza. Mimi nitazitazama zote.

Mkwaju Mrefu

Haya wakuu, kiti cha Korea kiko wazi. 2025 nani? Mimi nampa Lee Ye-won, yule akijifunza kumaliza mwaka kama anavyouanza hakuna wa kumshika.

Takwimu Hazidanganyi

Park Hyun-kyung. Amekuwa wa pili nyuma ya mtu aliyeondoka, hesabu ni nyepesi.

Mama Pambano

Park Min-ji. Na Celltrion ya tano.

Mzee wa Grini

Moyo unasema Bae So-hyun, lakini kwenye hela nafuata macho. Chipukizi aliyeshinda KB hakubahatisha. Elfu kumi yangu iko kwa Yoo Hyun-jo kubeba Daesang. Anayepinga aweke yake hapa, Takwimu atatunza daftari.

Takwimu Hazidanganyi

Daftari limefunguliwa. Kapuku, wewe unaweka kwa nani?

Kapuku Mwenza

Mimi naweka karanga.